Mzee wa Baiskeli Anajibu: Mama Anaogopa Magari

Barua nne za mwezi huu zimetoka Ulaya, na zote zinahusu njia za baiskeli zilizotengenezwa pale palipokuwa na reli na viwanda. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake. Mtakaposoma mtaona sababu.

Shikamoo Mzee. Ninaishi Dortmund, Ujerumani, na mume wangu. Mama yangu anakuja kututembelea mwezi wa sita kutoka Urambo, atakaa miezi miwili. Ana miaka 63 na ameendesha baiskeli tangu usichana wake: shambani, sokoni, kliniki, kanisani. Alipokuja mwaka juzi nilitoka naye hapa mtaani, basi likatupita karibu sana, akashuka akasema hapandi tena. Siku zote zilizobaki alikaa sebuleni akitazama dirishani, na mimi roho iliniuma. Nasikia kuna njia zisizo na magari kabisa, zinazopita kwenye migodi na viwanda vya zamani. Je, mtu wa umri wake ataziweza? Tuanzie wapi? – Binti wa Urambo, Dortmund

Marahaba mwanangu. Mama yako ataziweza, na huenda wewe ndiye utakayeachwa nyuma. Mtu aliyezoea gunia la mahindi kwenye keria, mchanga wa kiangazi na tope la masika, hahitaji kufundishwa mwendo. Kilichomshinda hapo Dortmund ni basi, nami namwelewa. Kwetu mwenye baiskeli hulisikia gari likiwa mbali, akashuka pembeni likapita. Huku gari linakuja kimya, na pembeni hakuna pa kushukia.

Mleteni Bochum. Ni mji wa jirani yenu kwa treni, na ndiko ninakoishi tangu 1996, kwa hiyo nakueleza njia ninayoijua kwa matairi yangu mwenyewe. Inaitwa Erzbahntrasse, yaani njia ya reli ya mawe ya chuma, na ina urefu wa karibu kilomita 10. Zamani mawe hayo yalifika kwa meli kupitia mfereji wa Rhein-Herne mpaka bandari ndogo ya Grimberg, Gelsenkirchen. Hapo yalipakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa kwenye matanuri ya Bochumer Verein, kiwanda kikubwa cha chuma cha Bochum. Reli hiyo ilijengwa kipande kwa kipande mwanzoni mwa karne ya 20, na miaka ya 1960 ilipokuwa ikielekea ukingoni treni zikakoma. Reli ziling'olewa, mataruma yakaondolewa, tuta likabaki likiota miti. Baadaye likasawazishwa, likatandazwa kokoto laini zilizoshindiliwa, madaraja yakatengenezwa. Barabara za magari zinapita chini, ninyi mnapita juu.

Hapa niruhusu nimtaje baba yangu. Alikuwa kwenye gangi la reli Tabora, reli ile ile ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nikiwa mdogo nilimpelekea chakula kazini, naye alinionyesha kwamba reli haipandi mlima kama njia ya miguu inavyopanda. Gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko. Mwinuko ukizidi kidogo tu, injini inateleza na mabehewa yake. Kwa hiyo mjenzi wa reli hana ujanja: akikuta kilima anakikata, akikuta bonde analijaza udongo. Nilipopanda Erzbahntrasse kwa mara ya kwanza, nikiwa na mapaja yaliyochoshwa na vilima vya Bochum, miguu ilinyamaza ghafla. Ndiyo iliyoitambua njia kabla yangu: hii ni kazi ya gangi. Watu walikwisha kuubeba mlima kwa sepetu miaka mia moja kabla sijafika. Mama yako atalijua hilo bila kuambiwa na mtu, maana Urambo nayo ni nchi tambarare.

Sasa safari yenyewe. Shukeni Bochum kwenye kituo kikuu. Kutoka hapo mpaka mwanzo wa njia kuna mitaa yenye magari, karibu kilomita 2, na sehemu hiyo nakuomba usimpandishe mama kwenye baiskeli. Zikokoteni tu kwa miguu. Mkipita mbele ya Rathaus, jengo la halmashauri ya mji, mtaona kengele kubwa imewekwa chini uwanjani. Ina uzito wa tani 15. Bochumer Verein waliitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Paris ya 1867, na ni ya feleji, si ya shaba kama kengele nyingi za makanisa. Mama wa kanisani ataisimamia hiyo kwa muda, usimharakishe.

Mtafika Westpark, mahali kilipokuwa kiwanda. Jengo kubwa mtakaloliona ni Jahrhunderthalle. Lilijengwa 1902 kwa ajili ya maonyesho ya viwanda ya Düsseldorf, kisha likafunguliwa vipande na kuletwa Bochum kuwa nyumba ya mitambo iliyoendeshwa kwa gesi ya matanuri. Leo wanapiga muziki mle ndani. Nje kuna vyoo na mahali pa kahawa siku nyingi, ila msitegemee. Bebeni chupa ya chai.

Kutoka hapo mnapanda daraja jekundu lililopinda kama herufi S, Erzbahnschwinge, lililofunguliwa 2003. Limening'inizwa kwa nyaya, na baiskeli zikipita linatikisika kidogo. Mwambie mapema, asidhani linavunjika. Likiisha daraja, magari yameisha.

Kuanzia hapo tuta linateremka kidogo kidogo kuelekea mferejini, mteremko ambao macho hayauoni ila miguu inaujua. Ndiyo maana nasema anzieni Bochum: kwenda mnasaidiwa, na kurudi mnapanda taratibu bila kushuka kwenye tandiko. Mtapita juu ya paa za nyumba. Upande huu miti yenye magome meupe, upande ule bustani ndogo ndogo za watu, kila moja na kibanda chake, na humo maharage, viazi na maboga. Bustani hizo zinapendwa sana na familia za wachimbaji tangu enzi za babu zao. Mama yako atataka kusimama aone wanavyopanda. Simameni. Mimi nimewahi kupata mche wa figili kutoka kwa bibi mmoja wa Kijerumani kwa kumsifia tu matuta yake juu ya uzio.

Njiani mtakuta vibanda vya kuuza vinywaji, vitafunwa na peremende za rejareja. Wenyeji huviita Bude au Trinkhalle. Historia yake naipenda. Karne ya 19 maji ya bomba ya miji hii hayakuwa salama kunywewa bila kuchemshwa, na wafanyakazi walikuwa wakikata kiu kwa pombe. Vibanda vikaanzishwa ili mtu atokaye mgodini apate maji safi ya chupa. Leo ni mahali pa kukaa na kupiga soga, kama baraza. Mkikaa, wazee watawasalimu. Mfundishe mama maneno mawili: *Glück auf*. Ndiyo salamu ya wachimbaji, ya kutakiana heri ya kurudi juu salama. Akiitikia hivyo, basi benchi zima ni lake.

Mwisho wa njia kuna daraja jingine lililopinda kama mundu, Grimberger Sichel, juu ya mfereji. Kaeni pale muangalie mashua za mizigo, mle, mrudi. Kilomita 20 kwenda na kurudi zinatosha siku ya kwanza.

Siku ya pili ndiyo ya Zollverein. Katikati ya Erzbahntrasse kuna njia panda. Vibao vyeupe vyenye maandishi mekundu vitawapeleka kushoto kwenye reli nyingine ya zamani, Kray-Wanner-Bahn, mpaka Essen. Kiasi kikubwa cha safari hii pia hakina magari. Zollverein ni mgodi wa makaa ya mawe. Kisima chake cha 12, yaani shimo la kupandishia makaa, kilichochorwa na wasanifu Fritz Schupp na Martin Kremmer, kilianza kazi 1932 na kilitoa tani 12,000 kwa siku. Ulifungwa tarehe 23 Desemba 1986, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, na mwaka 2001 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia. Kuingia uani ni bure, na baiskeli zinaruhusiwa. Mnara wa chuma wenye magurudumu juu, wa mita 55, ndio uliokuwa ukipandisha makaa.

Kama mna nguvu ya kulipa kiingilio kimoja tu, lipeni cha ziara ya kuongozwa, ndipo muone mitambo. Mimi niliongozwa na mzee aliyefanya kazi mle mle. Jirani yangu wa ghorofa ya chini naye alikuwa mchimbaji, marehemu sasa, na ndiye aliyenieleza habari ya Kaue, chumba cha kubadilishia nguo. Hakukuwa na makabati. Kila mtu alikuwa na mnyororo wake. Nguo safi aliziweka kwenye kulabu, akavuta mnyororo, zikapanda mpaka darini, akafunga kwa kufuli. Nguo za mamia ya watu zikining'inia juu ya vichwa. Alisema asubuhi akiingia alitazama juu, na nguo za zamu ya usiku zikiwa bado zinaning'inia baada ya saa yao, walijua kuna jambo chini. Aliponiambia hivyo alikuwa anamenya viazi, akaacha kumenya.

Mambo ya baiskeli, usiyapuuze. Tafuta baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye kifuniko cha cheni ili khanga isinaswe. Lakini angalia breki! Baiskeli nyingi za mjini za Ujerumani zinasimama kwa kurudisha pedeli nyuma. Mama amezoea breki za mkono, na mwenye mazoea ya kwetu hurudisha pedeli nyuma ovyo akijipumzisha. Huku akifanya hivyo gurudumu la nyuma linakamata, baiskeli inateleza na anaweza kuanguka. Mke wangu aliangushwa hivyo na baiskeli ya kukodi ambayo mwenye duka hakutueleza lolote. Alichubuka viwiko vyote viwili. Mfanyie mazoezi nusu saa kwenye uwanja mtupu kwanza. Sheria inadai taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele na breki mbili zinazofanya kazi. Kofia ngumu si lazima kisheria kwa baiskeli ya kawaida. Mimi navaa, na mama mvalishe. Kilemba chembamba kinakaa chini yake vizuri.

Kwenye treni, baiskeli inahitaji tiketi yake; Deutschlandticket yako, ile tiketi ya mwezi, inakubeba wewe peke yako. Epukeni asubuhi watu wanapokwenda kazini.

Shikamoo Mzee! Mimi ni mwanafunzi Essen, natoka Kahama. Nimesikia kuna barabara kuu ya baiskeli kutoka Duisburg mpaka Hamm, kilomita 101, haina gari wala taa za barabarani. Nataka kuimaliza kwa siku moja, nipige mbio. Nipe mbinu. – Msukuma wa Essen

Marahaba kijana wangu. Hiyo barabara, RS1, bado haijakamilika. Kilomita 101 ni mpango wa awali tu. Kipande kizuri ni cha Mülheim mpaka Essen, kilichoanza kufunguliwa 2015 juu ya reli ya zamani ya Rheinische Bahn. Kina lami, kipana, na Mülheim kinakupitisha juu ya mto Ruhr kwenye daraja la reli. Kwingineko ni vipande vipande, na katikati utaingizwa mitaani kwenye magari. Ukipanga siku yako ukidhani njia ni moja iliyonyooka, utakwama.

Ukitaka umbali, fuata Emscher. Kuna njia, Emscher-Weg, inayoufuata mto huo kutoka chanzo chake Holzwickede mpaka unapoingia Rhine karibu na Dinslaken, kama kilomita 100. Nami ningependa uijue habari ya mto huo kabla hujaupita kwa kasi. Kwa zaidi ya miaka mia moja Emscher ulikuwa mfereji wa maji machafu ulio wazi. Haukuwa uzembe tu: migodi ilikuwa inachimbwa chini ya miji, ardhi ikititia, na mabomba yoyote yaliyofukiwa yangevunjika. Kwa hiyo uchafu wa mamilioni ya watu ulipitishwa juu ya ardhi kwenye mitaro ya zege. Vijito vyake wenyeji waliviita Köttelbecke, jina ambalo sitalitafsiri mbele ya wanaokula. Nilipohamia hapa kingo zake zilizungushiwa uzio wenye mabango ya hatari, na wakati wa joto tulifunga madirisha. Migodi ilipohamia kaskazini, ardhi ikatulia, na kuanzia 1992 wakaanza kujenga mabomba makubwa ya chini. Mwisho wa 2021 maji machafu yakakoma kuingia mtoni. Zile njia za wahudumu wa mfereji, zilizokuwa nyuma ya uzio, ndizo unazopita leo. Nimeona samaki mle. Mimi niliyefunga madirisha nimeona samaki.

Kuhusu mbio: njia hizi ni za wote, na mabango mengi ya buluu yanaonyesha mtu wa miguu na baiskeli pamoja. Piga kengele mapema, punguza mwendo penye watoto na mbwa. Huyo mama wa Urambo anaweza kuwa mbele yako, usimtie hofu ya pili.

Usipoteze muda na simu kila njia panda. Kwenye njia panda kuna nguzo zenye nambari kwenye kibao chekundu. Kabla ya kuondoka andika nambari zako kwa mpangilio kwenye karatasi, bandika kwenye usukani, fuata moja baada ya nyingine.

Jambo sana kaka. Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, niko Liège, Ubelgiji, miaka kumi na miwili. Papa alitumika Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mpaka mwisho. Mwaka jana rafiki alinipeleka Duisburg kwa baiskeli, tukafika kwenye kiwanda cha chuma ambacho wamekigeuza bustani. Watoto wanapanda kuta, watu wanapiga picha za harusi chini ya tanuri. Nilifurahi, lakini usiku sikulala. Nilifikiria lile bomba letu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyusha shaba. Kwa nini kwao kiwanda kikifa kinakuwa bustani, na kwetu kinabaki kidonda? – Mwana wa Katanga, Liège

Jambo sana ndugu yangu, na pole. Swali lako nimelibeba wiki mbili kwenye baiskeli.

Kile ulichokiona ni Landschaftspark Duisburg-Nord. August Thyssen alianzisha kiwanda kile cha Meiderich mwanzoni mwa karne ya 20, na tanuri la mwisho likazimwa 1985. Ujue kwamba bustani haikuja yenyewe. Kulikuwa na hoja ya kubomoa kila kitu. Wakazi walipinga, na serikali ya jimbo ilikuwa imeanzisha mpango wa miaka kumi, 1989 hadi 1999, wa kuokoa bonde zima la Emscher, wenye fedha na wenye ofisi yake. Mbunifu Peter Latz alipopewa kazi hakuficha kitu. Tanuri namba 5 aliliacha, na leo unapanda ngazi mpaka juu kama mita 70 bila kulipa. Matangi ya mawe ya chuma yakawa kuta za kupanda, tangi la gesi likajazwa maji wapiga mbizi wakazamia humo. Mabamba 49 ya chuma yaliyokuwa yakifunika mashimo ya kumiminia chuma cha moto aliyapanga chini kuwa uwanja. Na ule udongo wenye sumu zaidi haukusafirishwa popote. Ulifungiwa kwenye maghala ya zamani, bustani ikapandwa juu. Kidonda kipo hata pale, ndugu yangu. Kimefungwa bandeji vizuri.

Tena si kila mahali hapa Ruhr, nchi yetu hii ya migodi na viwanda, palipata bahati hiyo. Kiwanda cha chuma cha Phoenix Ost, Dortmund, kilinunuliwa na Wachina, wakakifungua vipande na kukisafirisha kwao. Shimo likajazwa maji, likawa ziwa lenye nyumba za bei. Nimelizunguka kwa baiskeli mara nyingi, ni zuri, na kila mara nawauliza wazee wa mtaa kama kuna aliyefanya kazi kiwandani anayeishi ukingoni pake. Bado sijaonyeshwa hata mmoja.

Chini ya ardhi nako bado. Mgodi wa mwisho wa makaa Ruhr, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa 21 Desemba 2018, lakini pampu hazikuzimwa. Sehemu kubwa ya ardhi imetitia, kwingine zaidi ya mita 20, na pampu zikisimama maji yatapanda. Wenyewe wanaiita kazi ya milele, na kuna mfuko maalumu wa fedha uliotengwa kuilipia. Hapo ndipo ninapoiona tofauti na Katanga, jimbo lenu. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ilianzishwa 1906, shaba ikatoka Lubumbashi ikaenda kusafishwa Hoboken, kando ya Antwerp, na faida ikabaki huko huko ilikokwenda. Makaa mengi ya Ruhr yalichomwa Ruhr. Utajiri wake ulijenga reli, shule na serikali ya jimbo ambayo baadaye iliweza kulipia bustani. Kwenu mgodi ulipodhoofika hapakuwa na mfuko, na mlima mweusi wenyewe bado una kobalti ndani yake, kwa hiyo unachimbwa tena badala ya kupandwa miti. Hilo si kosa la baba yako, wala si uvivu wa watu wa Lubumbashi. Nakuomba usilale na mawazo hayo.

Hapo Liège uko kwenye nchi ya migodi, nawe usingoje mpaka uje Duisburg. Kuna RAVeL, yaani njia isiyo na magari, ya mstari wa 38, reli ya zamani inayotoka mjini ikapanda nchi ya Herve kuelekea Aubel. Ni reli, kwa hiyo mpando wake ni mrefu lakini mpole. Upande huo huo kuna mgodi wa Blegny, ambapo bado unashuka chini kwa lifti ya wachimbaji. Tangu 2012 uko kwenye urithi wa dunia pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonia, upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa. Mmoja wao ni Bois du Cazier, Marcinelle, ambako moto wa tarehe 8 Agosti 1956 uliua watu 262. 136 walikuwa Waitalia, waliokuja kutafuta kazi kama wewe nami. Majina yao yameandikwa pale.

Na nikuulize jambo moja: Papa yupo? Kama yupo, mpigie umuulize zamu zake, chakula cha kazini, majina ya wenzake, king'ora kililia saa ngapi. Rekodi kwenye simu. Jirani yangu wa viazi sikumrekodi, na sasa sauti yake ninayo kichwani mwangu tu.

Shikamoo Mzee, mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili, tuko Wuppertal. Mji wote milima! Nasikia kuna njia ya reli hapa pia. Naweza kumvuta mtoto kwenye kigari cha nyuma? – Mama Mdogo

Marahaba mama. Unaweza kabisa. Nordbahntrasse ina kilomita kama 22, yote lami, na Wuppertal nzima sijui mahali pengine pa kuvuta kigari bila kutapika moyo. Raia wenyewe ndio walioianza: walijiunga 2006, wakachanga, wakafyeka vichaka kwa mikono, na mwishoni mwa 2014 ikafunguliwa yote. Utapita madaraja marefu ya mawe, na moja dogo juu ya Schwesterstraße limepakwa rangi likaonekana kama limejengwa kwa matofali ya Lego, yale ya plastiki ya watoto kuchezea. Kuliona hasa inabidi ushuke barabarani utazame kutoka chini, kwa hiyo funga breki ya kigari kwanza.

Ndani ya mahandaki ni baridi hata mwezi wa saba. Mtoto aliyekaa hatoi jasho kama wewe unayekanyaga, mfunike blanketi kabla hamjaingia. Bendera ndogo nyuma ya kigari, taa nyekundu juu yake, na kiraka, solusheni na pampu kwenye mfuko. Jumapili alasiri watu ni wengi mno. Nenda Jumamosi mapema.